Kabla ya Dripu ya Kwanza: Mgonjwa wa Saratani na Uwezo wa Kuzaa

Mtu akiambiwa ana saratani, linalomjia kwanza ni kama atapona. Swali la watoto huja nyuma, na mara nyingi huja likiwa limeshachelewa. Mimi ni mtu wa Pwani niliyehamia Nakuru miaka mingi, na nimesindikiza wagonjwa wa jamaa na majirani kliniki mara nyingi kiasi cha kuona jambo moja: dawa zinazookoa maisha zinaweza kuondoa uwezo wa kuzaa, lakini ziko njia za kuulinda. Njia hizo karibu zote zinatakiwa zifanywe kabla ya dawa kuanza.

Kwa nini tiba inadhuru uzazi

Kemo huua seli zinazogawanyika kwa haraka. Saratani ni seli za aina hiyo, na zinazotengeneza mbegu za kiume ni za aina hiyo pia. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, hatengenezi mengine, kwa hiyo yanayouawa na dawa hayarudi. Dawa hazilingani kwa ukali. Saiklofosfamidi, inayotumika sana kwa saratani ya matiti na ya tezi za limfu, ni miongoni mwa zinazojulikana kudhuru vifuko vya mayai na korodani. Mionzi ya nyonga nayo huchoma vifuko vya mayai na kukidhuru kizazi chenyewe. Umri pia una uzito: mwanamke wa miaka 25 ana akiba kubwa ya mayai kuliko wa miaka 38, hata wakipewa dawa sawa.

Mwanamume: jambo la siku moja

Kwa mwanamume kazi ni nyepesi. Hutoa manii kwenye kikopo, maabara huyapima na kuyagandisha katika nitrojeni ya majimaji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Yanaweza kukaa humo miaka mingi. Mimba za kwanza zilizotokana na manii yaliyogandishwa ziliripotiwa Marekani mwaka 1953.

Wafugaji wa Njoro, Molo na Rongai hawana haja ya kuelezwa sana. Kituo cha Kabete cha kupandisha ng'ombe kwa mirija kilianzishwa mwaka 1946, na mtungi wa nitrojeni juu ya pikipiki ya mpandishaji ni kitu cha kawaida katika vijiji hivi. Fahali amekufa zamani, na ndama wake bado wanazaliwa. Elimu ni ile ile, ila kwa binadamu inahitaji maabara yake maalumu.

Na bado watu wanakosa. Kijana mmoja wa jamaa zangu alianza kemo ya saratani ya tezi za limfu akiwa na miaka 19, katika hospitali ambayo sitaitaja. Hakuna daktari aliyemuuliza habari ya watoto. Mama yake aliona haya kuuliza, na yeye mwenyewe alikuwa hajui kama kuna la kuuliza. Alipona, alhamdulillahi. Alipotaka kuoa alikwenda kupimwa, na hawakuona mbegu hata moja. Kwa wengine mbegu hurudi baada ya miaka kadhaa, kwake hazijarudi. Kikopo kimoja kabla ya dripu ya kwanza kingetosha kumwekea tumaini.

Mwanamke: wiki mbili za kujipanga

Mwanamke hudungwa sindano za homoni kwa muda wa siku 10 hadi 14 ili mayai mengi yakomae pamoja. Daktari huyatoa kwa sindano nyembamba akiongozwa na picha ya ultrasaundi. Zamani ilibidi kungoja hedhi. Siku hizi sindano zinaweza kuanza siku yoyote ya mwezi. Mwenye saratani ya matiti hupewa pamoja nazo dawa ya letrozole ili homoni ya estrojeni isipande sana.

Mayai yanaweza kugandishwa yenyewe, au mwenye mume yakarutubishwa kwanza na kugandishwa yakiwa viinitete. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilitangaza kuwa kugandisha mayai si jaribio tena. Hata hivyo si ahadi ya mtoto: yai si lazima lirutubike, na kiinitete si lazima kishike.

Kwa msichana ambaye hajabaleghe, au mgonjwa asiyeweza kungoja, kuna kukata kipande cha kifuko cha mayai kwa upasuaji mdogo, kukigandisha, na kukirudisha mwilini baadaye. Mtoto wa kwanza kwa njia hiyo alizaliwa Ubelgiji mwaka 2004. Kwa saratani ya damu, madaktari huogopa kipande hicho kisije kikarudisha ugonjwa. Mvulana ambaye hajabaleghe hana mbegu za kugandisha, na njia za kumsaidia bado ziko kwenye utafiti.

Ziko pia sindano za kila mwezi, kama goserelini, zinazolaza vifuko vya mayai wakati wa kemo. Husaidia kiasi, hasa kwa saratani ya matiti, lakini si badala ya kugandisha. Kabla ya mionzi, daktari wa upasuaji anaweza kuvisogeza vifuko juu, mbali na miale. Na saratani ya mlango wa kizazi ikigunduliwa mapema sana, inawezekana kuukata mlango tu na kukiacha kizazi. Hii ni sababu nyingine ya kina mama kutoukimbia uchunguzi.

Njia kutoka Nakuru

Zamani mgonjwa wa Nakuru, Baringo au Nyandarua aliyehitaji mionzi alifunga safari ya Nairobi au Eldoret. Sasa Hospitali ya Rufaa ya Nakuru, ambayo wengi bado tunaiita PGH, ina kituo chake cha saratani chenye mashine ya mionzi, kama ilivyo Hospitali Kuu ya Pwani huko Makadara. Ni neema kubwa. Lakini neema hii ina upande wake: tiba ikiwa karibu huanza upesi, na nafasi ya kuuliza hupungua.

Maabara za uzazi nyingi ziko Nairobi, mwendo wa kilomita 160 hivi. Huko ndiko walikozaliwa watoto wa kwanza wa Kenya waliotungwa maabara, Mei 2006. Kwa hiyo omba barua ya rufaa siku ile ile unayopewa majibu ya kipimo. Usihesabu kuwa SHA italipa: fungu lake la saratani limepangiwa tiba ya ugonjwa wenyewe. Kugandisha manii ni gharama ndogo sana ukilinganisha na mayai, na kuhifadhi hulipiwa kila mwaka, basi uliza bei zote mbili mapema.

Na dini yasemaje?

Hili huulizwa kila mara kwetu. Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu, lilipokutana Amman mwaka 1986, liliruhusu mtoto kutungwa maabara kwa manii ya mume na yai la mkewe, ndoa ikiwa hai, na likakataza kuingiza mtu wa tatu. Mwaka 2019 Dar al-Ifta ya Misri iliruhusu mwanamke kuhifadhi mayai yake kwa masharti, likiwemo la kuwa yatarutubishwa na manii ya mumewe ndani ya ndoa. Msichana ambaye hajaolewa asikatishwe tamaa na uvumi. Na amuulize mwanachuoni anayemwamini.

Maswali ya kumuuliza daktari

- Dawa hizi zina hatari gani kwa uzazi wangu, kwa umri wangu?
- Tiba inaweza kungoja siku ngapi bila madhara?
- Nani ataniandikia rufaa leo?
- Nikipona, ningoje muda gani kabla ya kubeba mimba?

Jibu la swali la pili wakati mwingine ni kwamba tiba haiwezi kungoja hata siku moja, hasa kwa saratani kali ya damu. Hapo uhai hutangulia, na tiba ianze. Lakini jibu hilo litoke kwa daktari baada ya kuulizwa. Wakati wa tiba yenyewe tumia kinga, kwani dawa hizi hudhuru mimba.

Wewe unayemsindikiza mgonjwa, kama yeye anaona haya, uliza wewe. Ukiona haya mbele ya mwanao, mwombe atoke nje kidogo, au utoke wewe umwachie nafasi. Uliza kabla sindano haijaingia mshipani.