Nani Ana Hasira Humu Ndani?

Mwaka 1934 kijana wa Kiingereza, Godfrey Wilson, alifika Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanganyika, kuchunguza maisha ya Wanyakyusa. Mwaka uliofuata akaja mkewe, Monica, binti wa wamisionari aliyezaliwa Lovedale, Afrika Kusini. Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg, ilikuwa makao ya wilaya chini ya Waingereza, na Wamoravian walikuwa na misheni yao Rungwe tangu 1891. Godfrey na Monica hawakuja kutafiti afya ya akili ya watoto; maneno hayo yalikuwa bado hayajapata soko. Hata hivyo, daftari walizojaza hadi 1938, kwa msaada mkubwa wa karani wao Leonard Mwaisumo, zina maelezo ya kina ya jinsi jamii moja ilivyoushughulikia moyo wa mtoto.

Mvulana alianza kuchunga ng'ombe akiwa na miaka sita hivi. Huko machungani wavulana walipigana mpaka akajulikana nani mkubwa wao, na huyo ndiye aliyewatuma wenzake kuni na kuwaamrisha. Alipofika miaka 10 au 11 aliwaachia wadogo zake mifugo, akashika jembe katika shamba la baba, na usiku hakulala tena kwa wazazi. Yeye na wa rika lake walijenga vibanda vyao pembeni, na kibanda baada ya kibanda, mwaka baada ya mwaka, vikawa kijiji chao cha kuishi na kuoa. Kula waliendelea kula kwa mama zao, ila kwa kundi: leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kukaa na wenzako, kupiga soga na kula pamoja waliita ukwangala, na wazee waliamini kwamba akili ya mtu hutoka huko. Kitabu alichokitoa Monica mwaka 1951 kinaitwa Good Company kwa sababu hiyo.

Nisiipake sukari picha hii. Wasichana hawakuwa na vijiji vyao. Waliposwa wangali wadogo na kuolewa mapema. Mwanaanthropolojia Simon Charsley, katika kitabu chake cha mwaka 1969, aliupitia upya ushahidi wa akina Wilson kwa jicho kali. Na bila shaka machungani kuna wadogo walioonewa na hakuna aliyewaandika.

Lakini sehemu inayonivuta zaidi ni ya hasira. Wanyakyusa waliamini kwamba baba aliyemkasirikia mwanawe hahitaji kumpiga wala kumlaani kwa sauti. Akinung'unika tu mbele ya moto wa nyumbani, mizimu ya ukoo, yaani waliotangulia, inasikia, na mtoto anaugua. Basi mtoto akishikwa na homa isiyoeleweka, ndugu walipiga ramli, na swali lilielekezwa kwa wakubwa: nani ana hasira humu ndani? Mwenye nayo alitakiwa aitoe mdomoni mbele ya watu, aeleze alivyokosewa, neno kwa neno. Kisha alitia maji kidogo kinywani, akayashikilia humo, akayapuliza nje. Monica alikaza jambo moja: aliyepuliza maji huku kinyongo kimebaki tumboni hakufanya kitu. Kusema ndiko kulikotangulia.

Majirani nao walikuwa na pumzi yao. Aliyemtendea ubaya mzazi au jirani alinong'onwa, na minong'ono hiyo ilisemekana kumwangukia kama ubaridi mwilini hadi akaugua. Njia hiyo ya kuwalinda wazazi na majirani ilikuwa na makali, na hofu ya uchawi haikuwa mbali nao.

Mwili pia ulikuwa na kazi. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1939 kuhusu mazishi, Godfrey anaeleza wanawake wakilia ndani, na uani wanaume wenye mikuki, njuga miguuni, wakiruka na kukanyaga ardhi kwa nguvu kufuata ngoma. Huzuni na hofu zilitolewa kwa jasho. Kadiri siku ilivyosonga, vicheko vilianza kusikika, na vijana wakaanza kutazamana na wasichana, bila mtu kuona kwamba marehemu amevunjiwa heshima.

Leo anayetaka kumtuliza mtoto huletewa mkeka wa yoga na mazoezi ya kupumua. Mmarekani Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo yake ya kufuatilia pumzi kwa wagonjwa wa hospitali huko Massachusetts mwaka 1979. Baadaye yakaingia madarasani. Yoga yenyewe ni ya India na ina umri mkubwa kuliko mafunzo hayo, na mradi wa Africa Yoga Project umekuwa ukiifundisha kwa vijana wa Nairobi tangu 2007. Nami sioni ubaya wa mtoto kujua kupumua polepole kabla ya mtihani. Ila Uingereza, jaribio kubwa lililohusisha zaidi ya wanafunzi 8,000 wa sekondari, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2022, halikuona kwamba masomo ya utulivu ya aina ya Kabat-Zinn yaliwasaidia kuliko yale ya kawaida ya shule zao. Mbinu zote hizi humkabidhi mtoto kazi ya kuutuliza moyo wake mwenyewe. Rungwe, kazi ya kwanza ilikuwa ya baba.

Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica ndiye aliyeandika vitabu kuhusu Wanyakyusa, na mwaka 1955 alirudi Rungwe kuona kilichobaki. Migodi ya dhahabu ya Lupa, kule Chunya, ilikuwa imewavuta vijana tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na kahawa ilikuwa imeipandisha thamani ardhi kiasi kwamba nafasi ya kuwagawia wavulana wajenge kijiji haikupatikana kwa urahisi. Kijana aliyerudi na fedha zake mwenyewe angeweza kununua ng'ombe wa mahari bila kumsubiri baba. Nadhani hapo ndipo manung'uniko ya baba mbele ya moto yalipoanza kupoteza nguvu, maana yalikuwa na uzito kwa kuwa zizi lilikuwa lake. Monica aliyafuatilia mabadiliko hayo ya wazee na vijana hadi kitabu chake cha 1977, For Men and Elders. Wavulana wengi wa wilaya hiyo waliopaswa kulala katika vibanda vya rika walikuwa wameshahamia madarasani, ambako kengele hupigwa kwa wote pamoja na matokeo hutolewa kwa kila mmoja peke yake.