Siti skani, tomografia au picha tabaka?

Katika korido za hospitali zetu jina linalotawala ni moja: siti skani. Daktari anasema "nenda kapige siti skani", mgonjwa anawaambia wenzake "nimeandikiwa siti skani", na ndugu wanaochangishana nauli na gharama wanaiita tu "kile kipimo kikubwa". Zamani neno siti skani lilikuwa la Muhimbili. Mtu wa Morogoro aliyeumia mgongo alilisikia akishafikishwa Dar es Salaam, karibu kilomita 200 kutoka kwao, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Kisha zikaja fedha za kukabiliana na UVIKO-19 za mwaka 2021. Sehemu yake serikali ilinunulia mashine hizi kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa, na neno likashuka hadi vijiweni.

Lakini "kipimo kikubwa" ni jina lenye hatari. Kinachoitwa kikubwa hudhaniwa kinaona kila kitu, na asiyeandikiwa hujiona amedhulumiwa. Ndiyo maana inafaa tuufungue msamiati huu tuone una nini ndani.

Jina lenyewe limejengwa juu ya herufi C na T. Ya kwanza inasimamia kompyuta. Ya pili inasimamia tomografia, neno ambalo wanasayansi waliliunda kwa Kigiriki: tomos ni kipande kilichokatwa, na graphein ni kuandika au kuchora. Uzito wote wa jina uko kwenye hiyo tomos, na ndiyo iliyofichwa ndani ya herufi moja.

Ili kuona kwa nini vipande vina maana, tuanze na eksirei, mionzi aliyoigundua Wilhelm Röntgen nchini Ujerumani mwaka 1895. Picha ya eksirei ni kivuli. Mionzi hupenya mwilini. Mfupa huzuia mingi, nyama huzuia kidogo, na kilichobaki huchora picha upande wa pili. Tatizo ni kwamba kila kilichokuwa njiani hulundikana mahali pamoja: ngozi, utumbo, mbavu na pingili. Ni kama kusimama Msamvu, mjini Morogoro, ukatazama milima ya Uluguru. Utaona ukuta mmoja wa rangi ya samawati, wala hutajua kwamba nyuma ya mgongo huu wa mlima kuna bonde, kisha mgongo mwingine, kisha mabonde ya Mgeta na mashamba yake ya mboga. Vyote vipo, ila vimefunikana.

Siti skani huondoa kufunikana huko. Mgonjwa hulala kwenye kitanda kinachoingia katikati ya duara kubwa. Ndani ya duara hilo, chanzo cha mionzi humzunguka huku vipokezi vya upande wa pili vikipima kiasi kilichopenya kutoka kila pembe. Kompyuta hukusanya vipimo hivyo na kukokotoa kiasi ambacho kila nukta ya mwili huzuia mionzi, tabaka baada ya tabaka, mara nyingi kwa unene wa milimita moja au pungufu. Matabaka hayo yakipangwa pamoja, mtaalamu anaweza kuutazama uti wa mgongo kwa mbele, kwa ubavuni, au kana kwamba anachungulia kutoka juu.

Hesabu iliyowezesha jambo hili ina mizizi Afrika pia. Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulifikiria tatizo hilo mwaka 1956 alipokuwa akisaidia kazi za mionzi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Alichapisha majibu yake mwaka 1963 na 1964, na watu wachache sana waliyajali. Huko Uingereza, mhandisi Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI alifikia lengo hilo kwa njia yake mwenyewe, akaunda mashine, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya kichwa tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Mwaka 1979 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba. Jina la Hounsfield limebaki kwenye ngazi ya kupimia jinsi kitu kinavyozuia mionzi: maji ni 0, hewa ni hasi 1000, mafuta ni karibu hasi 100, na mfupa mgumu hufika 1000 na zaidi. Kwa kuwa mfupa uko mbali sana na nyama kwenye ngazi hiyo, mashine huutenga bila shida.

Hapo ndipo Uluguru inapoingia, kwa sababu ya mifupa inayovunjika huko. Kinole, Matombo na vijiji vya mteremko wa mashariki huishi kwa miti: mifenesi, minazi, mikarafuu, migomba. Watu hukwea, na watu huanguka. Wakati wa masika njia huteleza, na bodaboda hushuka milimani na mikungu ya ndizi nyuma. Anayeanguka kutoka mtini akatua kwa miguu hupokea kishindo visiginoni, kishindo kikapanda hadi mgongoni. Mara nyingi huishia pale ambapo mgongo wa kifua, ulioshikwa na mbavu, unakutana na mgongo wa kiuno unaojipinda: pingili ya 12 ya kifua na ya 1 ya kiuno. Ndiyo maana tabibu makini akikuta kisigino kimevunjika huuliza na habari za mgongo.

Eksirei itaonyesha kwamba pingili imebonyea. Inaweza isionyeshe wazi kama kipande cha mfupa kimerushwa nyuma, kwenye mfereji unaopitisha ugwe wa mgongo. Tabaka moja lililopita katikati ya pingili hiyo linajibu: mfereji unaonekana kama pete, kipande kinaonekana ndani yake, na mtaalamu anapima nafasi iliyobaki. Majibu hayo, pamoja na hali ya miguu ya mgonjwa, husaidia kuamua kama ni upasuaji au ni kulazwa na kufungwa mkanda. Hali ni hiyohiyo kwa nyonga iliyopasuka, au kisigino ambacho ufa wake umeingia kwenye kiungo.

Kuna pia kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho daktari Mwingereza Percivall Pott alikieleza mwaka 1779. Ugonjwa huu hula pingili kwa mbele, pingili hujikunja, na mtu hupata kibyongo. Siti skani huonyesha mfupa ulivyoliwa na kuongoza sindano inapochukua sampuli ya kupima.

Mipaka yake ni ya wazi vilevile. Ugwe wa mgongo, diski na mishipa ya fahamu huonekana vizuri zaidi kwa MRI, ambayo hutumia sumaku. Na maumivu mengi ya mgongo ya mkulima aliyeinamia jembe siku nzima hayahitaji mashine yoyote, isipokuwa kama ameanguka, au kuna homa, kukonda, historia ya saratani, miguu kuishiwa nguvu, au haja kumponyoka. Mionzi nayo ina hesabu. Siti skani ya kiuno hutoa takriban milisiviti 6 (kizio cha kupimia mionzi inayopokewa na mwili), wakati wastani wa dunia wa mionzi ya asili ni kama 2.4 kwa mwaka mzima. Si ya kuogofya anayeihitaji, wala si ya kuombwa ovyo. Hapa Tanzania matumizi yake husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, kwa sheria ya mwaka 2003.

Sasa tuite nini? Siti skani haitaondoka. Wataalamu walitupatia "uyoka", watu wakabaki na eksirei. "Ngamizi" ilishindwa na kompyuta, ingawa "tarakilishi" inaishi vizuri Kenya. Tomografia inafuata matamshi yetu na itafaa vitabuni, ila haimwambii mgonjwa lolote. "Picha ya mkato" inakaribia tomos, lakini mkato kwetu ni alama ya uandishi, na njia ya mkato ni ya haraka. Ubaya zaidi, mzee aliyeletwa kwa machela akisikia "kukata" karibu na "mgongo", ataanza kufikiria kisu.

Napendekeza picha tabaka. Jina hili limejengwa kama askari kanzu au picha mnato, na tabaka tunalijua tangu shuleni kwenye udongo na miamba. Waarabu, ambao tabaka ni lao kwa asili, nao hutumia mzizi huohuo kwa kipimo hiki. Wapo watakaokumbuka matabaka ya watu yaliyozungumzwa enzi za Ujamaa, lakini muktadha utawasaidia.

Kazi ya istilahi hii si kuifukuza siti skani mdomoni. Kazi yake ni kusimama kando yake kwenye fomu ya ridhaa na katika kinywa cha mhudumu: "Shikamoo babu. Mashine hii itapiga mgongo wako picha tabaka kwa tabaka, tuone kama kuna mfupa umeingia ndani. Haikati, haiumi. Wewe tulia tu, ukitikisika matabaka yatavurugika." Babu aliyeelezwa hivyo anajua kwa nini atulie, na anajua kinachotafutwa ni mfupa.

Kamusi ikilikubali, kidahizo kinaweza kusomeka hivi: picha tabaka nm [i-/zi-] picha za ndani ya mwili zinazotengenezwa na kompyuta kutokana na mionzi inayoelekezwa kutoka pembe nyingi, zikionyesha mwili tabaka kwa tabaka, hutumika hasa kuchunguza mifupa, kichwa, kifua na tumbo, siti skani, tomografia.