Seremala Aliyeandikwa

Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alitengenezewa meza mbili za kuandikia, pacha, kwa ajili ya chumba chake kidogo cha kazi kule Versailles. Ni za mtindo wa Baroki, na Baroki haijui kuacha nafasi tupu: magamba ya ng'amba, shaba ya njano iliyotiwa nakshi, mpingo, mataji, herufi za jina la mfalme. Uso wa meza unakunjwa nusu. Ukiufunua, ndani mna nafasi finyu ya kuandikia, finyu mno kwa mtu aliyependa ukubwa kama yeye. Moja iko leo Metropolitan Museum, New York.

Fundi wake anajulikana, Alexandre-Jean Oppenordt, kwa kuwa malipo yake yaliingizwa kwenye daftari za hesabu za mfalme.

Pwani yetu nayo ina samani ya watawala: kiti cha enzi. Mpingo mweusi, vipande vya pembe za ndovu vilivyopachikwa kwenye mbao, mgongo na kikalio vya kamba nyembamba zilizosukwa, na chini kibao cha kuwekea miguu. Lamu, Pate na Unguja kiti hicho alikalia mtawala, au mgeni aliyestahili heshima ya mtawala. Ukikiona makumbusho utasoma aina ya mti na karne. Jina la fundi, aghalabu, hakuna.

Usiniambie Waswahili hawakujali majina. Washairi walitia majina yao mwishoni mwa tenzi, na makaburi ya pwani yana maandishi. Kilichokosekana ni karani wa kumlipa seremala kwa maandishi.

Kwetu ni Ifakara, kwa hiyo macho yangu huenda kwenye pembe kabla ya mpingo. Bonde la Kilombero, ambalo wakoloni waliliita pia bonde la Ulanga, lilikuwa nchi ya tembo. Wandamba, ambao leo tunawataja kwa mitumbwi na samaki, walikuwa wawindaji wa tembo. Mwaka 1926 Mwingereza A. G. O. Hodgson alichapisha makala nzima kuhusu desturi zao za uwindaji. Pembe za bara zilishuka pwani mabegani mwa wapagazi. Huko zilipimwa. Mnunuzi alitaka kujua ratili, na aliyemkaribia tembo hadi kumchoma mkuki hakuulizwa anaitwa nani. (Haki iwepo: hata Versailles, aliyevua ng'amba hakuandikwa.)

Ndiyo maana nikipita kwa mafundi wa mbao hapa mjini, penye harufu ya mninga na msaji, huwa nachungulia nyuma ya makabati. Mmoja wao huandika huko jina lake na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito. Nilimuuliza kwa nini asiandike mbele.

"Mbele ni kwa mwenye kabati," alisema, akaendelea kupiga randa.