Barabara ya milimani iliyofunguliwa kwa siku 35 nchini Canada

Barabara kuu ya Coquihalla katika jimbo la British Columbia, magharibi mwa Canada, ndiyo njia kuu ya malori kutoka bandari ya Vancouver kuelekea bara. Katikati ya Novemba 2021 ilikatwa na mafuriko, na kwa muda jiji la Vancouver na bandari yake havikuwa na njia ya barabara wala reli ya kuviunganisha na sehemu nyingine za nchi hiyo.

Mvua hizo zililetwa na kile ambacho wataalamu wa hali ya hewa hukiita mto wa angani, yaani ukanda mrefu na mwembamba wa mvuke unaosafiri kutoka maeneo ya joto ya Bahari ya Pasifiki. Ukanda huo ulipokutana na milima ulimwaga maji mengi, na mji wa Hope ulipata zaidi ya milimita 200 za mvua katika muda wa siku mbili hivi. Joto lililoambatana na mvua liliyeyusha pia theluji iliyokuwa imeanza kutanda milimani.

Watu watano walipoteza maisha baada ya maporomoko ya udongo kufunika barabara namba 99. Wakazi wote wa mji wa Merritt, wapatao 7,000, waliamriwa kuhama. Novemba 17 serikali ya jimbo, chini ya Waziri Kiongozi John Horgan, ilitangaza hali ya hatari, na siku mbili baadaye wenye magari binafsi walipangiwa lita 30 za mafuta kwa kila safari ya kituoni. Amri hiyo iliondolewa katikati ya Desemba.

Katika Coquihalla, sehemu zaidi ya 20 ziliharibika kwenye umbali wa kilomita zipatazo 130 kati ya Hope na Merritt. Madaraja saba yalianguka au kuharibika vibaya. Mito iliyofurika ilihama mikondo yake, ikala kingo na kuchimba udongo chini ya misingi ya madaraja, hata yale yaliyokuwa na nguzo imara yakakosa mahali pa kuegemea.

Ukarabati uligawanywa katika awamu mbili. Lengo la awamu ya kwanza lilikuwa kupitisha malori tu. Kwa kuwa barabara hiyo ina njia mbili kila upande, na mahali pengi madaraja yamejengwa mawili mawili sambamba, palipoanguka moja magari yalielekezwa kwenye lililobaki, yakapishana humo.

Wafanyakazi zaidi ya 300 na mitambo ipatayo 200 walihamisha zaidi ya mita za ujazo 400,000 za mawe, kokoto na udongo. Desemba 20, 2021, siku 35 baada ya kufungwa, barabara ilifunguliwa kwa malori na mabasi ya masafa marefu. Magari madogo yaliruhusiwa Januari 19, 2022.

Awamu ya pili ilihusu madaraja ya kudumu katika maeneo ya Bottletop, Juliet na Jessica, na ilikamilika mwaka 2023. Madaraja mapya ni marefu kuliko ya awali ili mto upate nafasi ya kupita, na misingi yake imezamishwa chini zaidi ardhini.

Hata hivyo, si barabara zote zilizopata kasi hiyo. Barabara namba 8, inayofuata bonde la mto Nicola kutoka Merritt hadi Spences Bridge, ilipoteza kilomita saba zilizosombwa kabisa na maji. Jamii za wenyeji wa asili wa taifa la Nlaka'pamux waishio bondeni humo zilikatiwa njia, na familia nyingi zilikaa mbali na makwao kwa miezi mingi. Barabara hiyo ilifunguliwa tena Novemba 2022, takriban mwaka mmoja baada ya mafuriko.

Kwa hiyo, wakati malori yalisubiri wiki tano kupita tena Coquihalla, wakazi wa bonde hilo walisubiri karibu mwaka mzima kupata barabara ya kuwarudisha nyumbani.