Tangazo la nyuma ya mlango

Wadau, ukilala gesti pale Iringo, Musoma mjini, ukishajaza kitabu cha wageni (jina, kabila, utokako, uendako) na kupewa ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha mbao, geuka utazame nyuma ya mlango. Mara nyingi kuna karatasi inayosema uongozi hautahusika na mali ambayo haikukabidhiwa mapokezi. Nimeisoma Musoma, nimeisoma Bunda. Wengi wanaielewa hivi: ukiibiwa, shauri yako.

Lakini karatasi ile ina ukoo mrefu, na ukoo wenyewe ulianza upande wa mgeni.

Warumi hawakuwaamini wenye nyumba za wageni. Mwanasheria wao Ulpian aliandika kwamba wasipobanwa wangekula njama na wezi. Kwa hiyo aliyepokea mzigo wa msafiri aliubeba na wajibu wa kuurudisha.

Uingereza nayo ilifika huko, na kesi inayokumbukwa ni ya Calye, mwaka 1584. Mgeni aliomba farasi wake apelekwe malishoni, farasi akaibwa. Watu wa Mara tunaojua uchungu wa mifugo kuibwa tungemhurumia, lakini alishindwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyetaka farasi atolewe nje. Majaji hawakuishia hapo. Wakasema kilichomo ndani ya nyumba ni dhamana ya mwenye nyumba, na hawezi kujitetea kwamba alimpa mgeni ufunguo naye akaacha mlango wazi. Hana hatia tu kama mwizi ni mtumishi wa mgeni au mtu ambaye mgeni alikuja naye. (Mnaoingiza "binamu" usiku, mmesikia.)

Mzigo huo ukawachosha wenye hoteli. Mwaka 1863 Bunge la Uingereza likawapunguzia: mali ikipotea, fidia isizidi pauni 30, isipokuwa farasi, mnyama mwingine hai au gari lake. Nafuu hiyo ilikuwa na masharti. Kama mali imepotea kwa makusudi au uzembe wa mwenye nyumba au mfanyakazi wake, kikomo hakipo. Kama mgeni aliikabidhi itunzwe, kikomo hakipo. Na kifungu chenyewe kilitakiwa kibandikwe ukumbini au kwenye lango la kuingilia, mahali pa kuonekana. Hapo ndipo yalipoanzia matangazo ya namna hii. Nyuma ya mlango wa chumba, unakokuta umeshalipa na umeshavua viatu, hapakutajwa.

Huku kwetu sheria ya Kiingereza iliingia kwa tarehe maalumu: 22 Julai 1920. Sheria za jumla zilizotumika Uingereza siku hiyo zilipokelewa Tanganyika, kadiri mazingira yanavyoruhusu, na mpaka leo sheria yetu inayoongoza mahakama inaitaja tarehe hiyo. Hakimu anaweza kusema gesti ya vyumba sita si ile nyumba ya wasafiri waliyoifikiria majaji wa 1584. Hata hivyo, kuna hoja ya kumpelekea, na hoja hiyo haimalizwi na karatasi iliyobandikwa kwa gundi.

Wanaopita Musoma wana cha kupoteza: mchuuzi wa samaki mwenye fedha taslimu ya mtaji, mwalimu anayehamia kituo kipya, mwandishi mwenye kamera anayeelekea Butiama kwenye kaburi la Mwalimu. Ukipeleka bahasha mapokezi, mhudumu anaweza kukujibu, "Kaka, sisi hatupokei hela za watu." Wale wa 1863 walilifikiria hata hilo: mwenye nyumba akikataa kupokea mali itunzwe, kinga yake ya pauni 30 inaondoka.

Kwa hiyo mimi huwa naomba iandikwe: kamera moja, namba yake, saa, sahihi ya aliyepokea. Kama hawana risiti, ukurasa wa nyuma wa kile kitabu cha wageni unatosha, halafu naupiga picha kwa simu.