Kushika shilingi

Uingereza iliachana na shilingi yake mwaka 1971. Shilingi hiyo ilikuwa na peni 12, na zikitimia shilingi 20 zilihesabiwa pauni moja. Ya Afrika Mashariki, iliyoanza 1921, ilikuwa na senti 100 tangu mwanzo. Jina tulilirithi, matumizi tumeyakuza wenyewe. Tazama Bunge la Tanzania: mbunge asiporidhika na majibu ya waziri "hushika shilingi", yaani hutoa hoja ya kupunguza shilingi moja katika mshahara wa waziri huyo. Maelezo yakimridhisha, "huirudisha". Sarafu hiyo hainunui hata pipi, lakini humlazimu mkubwa kusimama na kujieleza. Msemo wenye nguvu hivi unastahili kufundishwa shuleni, sambamba na methali zetu.