Jiwe Lilitoka Likiwa Limenyooka

Siku ya Krismasi mwaka 1973, jijini Chicago, bamba la marumaru lenye uzito wa paundi 350, yaani karibu kilo 160, lilichomoka kwenye ukuta wa jengo lililokuwa bado linajengwa, likaanguka na kutoboa paa la jengo la jirani. Jengo lenyewe lilikuwa makao makuu mapya ya kampuni ya mafuta ya Standard Oil ya Indiana, ambayo baadaye ilijiita Amoco. Lilikuwa na ghorofa 83, na lilivishwa mabamba yapatayo 43,000 ya marumaru nyeupe kutoka Carrara, Italia. Wakati huo halikuwepo jengo refu kuliko hilo lililovikwa marumaru.

Niweke neno moja sawa kwanza. Ukienda Kariakoo ukaomba marumaru, utapewa vigae vya udongo vilivyochomwa kiwandani. Hapa nazungumzia jiwe lenyewe: mawe ya chokaa ya kale yaliyopikwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi mpaka yakawa fuwele tupu.

Carrara imekuwa ikiuza jiwe hilo tangu enzi za Warumi. Michelangelo alipotaka marumaru ya kuchonga hakuagiza kwa barua. Alikwenda mlimani mwenyewe, na mwaka 1505, kwa ajili ya kaburi la Papa Julius wa Pili, alikaa huko miezi kama minane akichagua. Huyo alikuwa mnunuzi na mkaguzi kwa pamoja. Mnunuzi wa Chicago yuko ng'ambo ya bahari, na kati yake na mlima zimo sampuli, mikataba na vyeti.

Kazi ya ukaguzi ina ustadi wake, na siidharau. Bonge la jiwe hugongwa kwa nyundo na kusikilizwa: lililo zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Likishapasuliwa, mabamba hulazwa uwanjani kwa mpangilio yatakaokuwa nao ukutani, watu wakapita katikati yake wakitazama rangi na mishipa. Bamba lenye doa linaondolewa, lingine linaingia mahali pake. Unene unapimwa. Kwa viwango vya Ulaya vya leo, bamba la ukutani la milimita 30 linaruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 10, na uso wake usipinde kupita milimita 3. Maabara nayo inapima jiwe linakunywa maji kiasi gani na linavunjika kwa nguvu ipi. Halafu mabamba yanafungwa kwenye makreti ya mbao, yakiwa yamesimama kwa ubavu, yanapelekwa bandarini.

Tatizo ni kwamba vipimo hivyo vyote vinaliuliza jiwe swali moja: leo ukoje?

Mabamba ya Chicago yalikuwa na unene wa milimita 32 hivi. Ukaguzi wa mwaka 1985 ulikuta mengi yana nyufa na yamebenuka. Yakafungwa kwanza kwa mikanda ya chuma cha pua, kisha kati ya 1990 na 1992 yakaondolewa yote. Mahali pake ikawekwa itale, au graniti kama wengi tunavyoiita, kutoka Mount Airy, North Carolina, yenye unene wa sentimita 5. Gharama ilipita dola milioni 80. Theluthi mbili ya marumaru iliyoshushwa ilisagwa ikawa kokoto za kupambia bustani ya kiwanda cha kusafisha mafuta cha kampuni hiyohiyo, huko Whiting, Indiana. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Jiwe la mlima wa Michelangelo, kokoto za maua kando ya matangi ya mafuta.

Kilichotokea si muujiza. Marumaru ni fuwele za kalsaiti zilizobanana. Fuwele moja ikipata joto inatanuka upande mmoja na, ajabu, inasinyaa kidogo upande mwingine. Jirani yake amelala kwa mwelekeo tofauti. Jua likipiga, kila chembe inamsukuma jirani au inamwachia nafasi, na jua likizama hazirudi zote pale zilipokuwa. Unyevu ukiingia kwenye mianya, mambo yanazidi. Baada ya maelfu ya mawio na machweo, upande mmoja wa bamba unakuwa umerefuka kuliko mwingine, nalo linapinda kama ubao mbichi ulioanikwa juani. Na kadiri linavyopinda ndivyo nguvu yake inavyopungua.

Jiwe nene linastahimili zaidi. Kwa karne nyingi marumaru ilibeba jengo au ilibandikwa kwa unene wa kutosha. Misumeno ya karne ya 20 ndiyo iliyofanya jiwe liwe nguo: jembamba, jepesi, la kutundikwa juu ya mifupa ya chuma. Ukipunguza unene unapunguza uzito, nauli na bei. Kila mmoja kwenye mnyororo ule alikuwa na sababu nzuri ya kukubali.

Kinachonikera ni kwamba habari ilikuwepo. Mwaka 1880 mwanajiolojia wa Uskochi, Archibald Geikie, aliandika jinsi mawe yanavyochakaa katika makaburi ya Edinburgh, akaeleza bamba la marumaru lililobenuka kwenye kaburi la Joseph Black, mkemia aliyetuonyesha gesi ya kaboni dayoksaidi. Mwaka 1934 Lord Rayleigh akachapisha makala kuhusu kupinda kwa marumaru katika jarida la Royal Society ya London. Kwa hiyo miaka 40 kabla ya Chicago, mtu yeyote aliyekuwa tayari kutembelea makaburi angeweza kujua. Lakini makaburini hapaendi mawakala wa ununuzi, na mkaguzi wa kiwandani hulipwa kujibu maswali yaliyomo kwenye mkataba.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia, na utafiti wangu ni wa madaraja ya mkonge uliokuwa ukipakiwa melini Tanga. Urefu wa nyuzi, rangi, usafi: daraja liliandikwa kwa jicho la mtu aliyekuwa akisubiri ng'ambo. Ndiyo maana nikisoma "marumaru ya Carrara, daraja la kwanza" nauliza kwanza daraja hilo ni la nini. Mara nyingi ni la weupe. Na "Carrara" si jiwe moja, ni milima yenye machimbo mengi. Ukitazama kwa hadubini, katika baadhi ya marumaru fuwele zina kingo zilizonyooka, zimepangana kama vigae, na hizo huachana upesi. Katika nyingine kingo zimefumana kama vidole vya mikono miwili, zikashikana. Kwa macho matupu yote ni meupe, na yote huuzwa kwa jina hilo.

Helsinki walijifunza hivyo kwa gharama kubwa, mara mbili. Ukumbi wa Finlandia, uliosanifiwa na Alvar Aalto, ulifunguliwa mwaka 1971 ukiwa umevikwa Carrara ya milimita 30. Aalto alitaka kuleta kipande cha Mediterania kwenye nchi ya theluji. Mwaka 1975 wakuu wa nchi 35 walitia saini humo Mkataba wa Helsinki, huku ukuta wa nje ukielekea kujikunja taratibu kama bakuli. Miaka ya 1990 mabamba yakabidi yaondolewe. Finland ina itale tele, na wapo waliotaka itumike. Lakini jengo lilikuwa urithi, na urithi ni mweupe. Wakaweka Carrara tena, kazi ikaisha 1999, na baada ya miaka michache mabamba mapya nayo yakaanza kupinda.

Siwezi kuwacheka. Walichokuwa wakinunua mara ya pili kilikuwa kumbukumbu, na kumbukumbu haina kipimo cha maabara.

Kushindwa huko kulisukuma utafiti uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya, na mwaka 2013 kikatoka kiwango cha EN 16306. Kipimo chake ni rahisi kukielewa: kipande cha marumaru kinalazwa juu ya tabaka lenye maji, kinapashwa joto kwa juu hadi nyuzi 80 za Selsiasi, kinaachwa kipoe, na mzunguko huo unarudiwa mara 50. Kisha wanapima kimepinda kiasi gani na kimebaki na nguvu gani.

Ukumbi wa Finlandia ulifungwa tena kwa ukarabati mwaka 2022. Safari hii marumaru ilitoka Lasa, kwenye Alpi za kaskazini mwa Italia. Ulifunguliwa Januari 2025, mweupe kama zamani.